Rekodi ya Mama

Miaka ya tisini nilikuwa na gemu ya mkononi, ile ya kupanga matofali yanayodondoka, na mtaani kwetu Ifakara hakuna aliyewahi kuifikia rekodi yangu. Majirani walijaribu mpaka wakakata tamaa. Nilitamba nayo hadi kazini.

Mama akaja kutoka Masagati kutibiwa mguu. Kwa kuwa hakuweza kutembea, nikampa ile gemu apotezee muda. Siku ya nne, mchana, akaniita nione. Vidole vyake, vilivyozoea kuchambua chuya kwenye mchele, vilikuwa vimeipita rekodi yangu kwa mbali.

"Hii ndiyo ile iliyowashinda wote?" akauliza huku akicheka.

Nikampa hongera. Alipojilaza kidogo, nikachomoa betri. Nilijua vizuri kwamba ukizichomoa, gemu ile inasahau kila kitu. Nikazianika kwenye kipande cha bati uani, kama tulivyofanya sote betri zilipochoka, ingawa zile zilikuwa mpya. Mtu mzima mimi, baba wa watoto wawili.

Mama aliamka akaziona juani.

"Asante, baba, kwa kunianikia betri," akasema.

Nilipozirudisha, kioo kikaonyesha sifuri. Mama alikitazama muda mrefu, nami nikawa natazama bandeji ya mguu wake.

"Si kitu," akasema. "Maadamu wewe uliiona."