Dohani ya Mzee Moto

Kila jioni mkewe alirudi na udongo kwenye kucha na habari za kiwanda mdomoni, na kila jioni chakula kilimkwama Mzee Moto kooni. Zamani, kiwanda cha nguo kilipokuwa kikinguruma, mwanamke huyu aliishia getini na chupa ya chai. Ndani kulikuwa kwa mumewe, mchochea tanuri, aliyeijua dohani, lile bomba la moshi, ikikohoa na ikinuna. Kisha kiwanda kikafa, popo wakahamia, na sasa wasanifu wamekigeuza karakana za mafundi, kuta zimejaa mimea. Na aliyekabidhiwa mimea hiyo, pamoja na funguo zote, ni nani? Mama Watoto!

"Baba Watoto, dohani yako siku hizi inafanya kazi bila moto," alimwambia. "Wameiga kichuguu cha mchwa kinavyojipoza. Hewa ya joto inapandia humo, ya baridi inaingia chini kupitia mimea. Hata feni hatuna."

"Bila moto," mzee akarudia, akasukuma sahani.

Alikuwa na wivu, tena si wa mwanamume mwingine. Huo angalau angejua pa kuupeleka. Majirani walimtania kwamba mkewe amemnyang'anya bi mkubwa wake, dohani. Alicheka nao, roho ikimuuma.

Siku ya ufunguzi, mkewe akiwa getini na wageni, mzee alizunguka nyuma, akainama chini ya dohani, akausukuma ule mlango wa chuma wa kuzibia hewa mpaka ukafunga. Mkono haukuwa umeusahau.

"Joto likiwashinda," alijisemea, "watamtafuta mwenyewe."

Likawashinda. Wageni walijipepea kwa kofia, msanifu akalikodolea macho paa, na Mama Watoto, jasho likimtiririka, akawa anapapasa ukuta kwa kiganja kama anayempima mtoto homa. Hapo mzee akajitokeza, kifua mbele. Mkewe akamtazama usoni, kisha mkononi. Kiganja chote kilikuwa cheusi kwa masizi.

Mzee akaganda. Mkewe akaushika ule mkono, akauficha ndani ya mtandio wake mpya mweupe, akawa anaufuta taratibu huku amewageukia wageni.

"Huyu ni mume wangu," akasema kwa sauti. "Hakuna anayeijua dohani hii kumzidi yeye. Mpisheni akaitazame."

Wakampisha, wakampigia makofi. Ndiyo makofi aliyoyatamani miaka yote, na mpaka anafika nyuma ya jengo hakuweza kuinua uso.