Pombe ya Miwa Niliyoimeza

Mimi Wakio wa Bura, mjane wa Thadeus, sikusamehe wala sijutii. Mtu aninyang'anye shamba la watoto wangu, halafu nimwombee baraka? Thubutu!

Thadeus alipokufa, shemeji yangu Mwandawiro hakungoja hata udongo wa kaburi ukauke. Aliingia shambani na jembe, akaing'oa migomba tuliyoipanda kwa mikono yetu. "Mwanamke harithi," akasema. Nikanyamaza. Huku kwetu Utaitani watu humwogopa sana mama aliyenyamaza na hasira moyoni. Wanasema hasira hiyo huua ng'ombe na kukausha mahindi, mpaka mwenyewe aiteme: apige funda la pombe ya miwa, alipulize mbele ya watu na kusema, "Moyo wangu umepoa."

Basi asubuhi moja, miaka ile ya hali ya hatari, ardhi ikatikisika. Kidogo tu: taa ikabembea, vikombe vikalia kabatini. Lakini Mwandawiro alinijia mbio, midomo imemkauka.

"Shemeji, chukua shamba lako! Njoo uiteme hiyo hasira!"

Siku ya kutema, wazee wamekaa, kibuyu ninacho mkononi, akatokea karani Kituku, ametumwa kutoka Voi kuandika habari za tetemeko. Akamwuliza kila mtu: ulikuwa wapi? Umekaa au umesimama? Taa ilibembea kuelekea wapi? Nikamjibu, upande wa Mombasa na kurudi.

"Ndiyo," akasema huku akiandika. "Lilitokea chini ya bahari, mbali na pwani. Lilikuwa dogo."

Mwandawiro akaruka. "Kumbe ni bahari! Basi shamba linabaki langu!"

Wee! Nilitetemeka kwa hasira kuliko vile vikombe. Nikamgeukia karani. "Mwanangu, litarudi tena?"

"Hilo hakuna anayelijua, mama."

Nikapiga funda. Wazee wakasogea nyuma wasilowe. Nikamkazia macho Mwandawiro, naye akangoja nipulize. Nikameza.

Mzee mmoja akamwambia Mwandawiro, "Karani mwenyewe hajui litarudi lini. Na huyu amemeza." Jioni ile ile Mwandawiro alikwenda kulitoa jembe lake shambani.

Migomba niliyoipanda upya imezaa. Akija kunisalimia, mpaka leo hunitazama mdomo kwanza, na mimi namwacha aogope.