Maneno ya Muzee Bauma

Kuna siku moja ya kiangazi kule kambini Kibati ambayo haijanitoka mpaka leo, mwanangu. Na kwa kuwa umechagua kusimama mbele ya watu kuwasemea wakimbizi, acha nikusimulie kabla hujaondoka.

Nilikuwa msichana ambaye ndiyo kwanza ameanza kujifunga kitenge kama mama. Vita vilikuwa vimetufukuza kwetu, tukajenga vibanda vya hema juu ya mawe meusi ya volkano. Unaijua ardhi ile: haina chemchemi, maji ni ya mvua tu. Aliyetuokoa ni Muzee Bauma, mwenyeji wa pale, aliyekuwa na tangi kubwa nyuma ya nyumba yake. Alituachia tuchote. Halafu asubuhi moja tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo, bila neno lolote.

Wanawake wakaanza kutafuta maji ndani ya pori la mbuga. Jirani yetu Nyota, mwenye mimba kubwa, alirudi akijikokota, amepigwa na watu wenye silaha, bidoni yake, lile dumu la kuchotea maji, imechukuliwa. Watu walipomwona, hasira ikawapanda. Vijana wakaokota mawe, mmoja akaleta petroli, wakaelekea kwa Muzee Bauma, nasi wengine tukawafuata mpaka langoni.

Ndipo alipofika Mama Kavira. Alikuwa mjane, mfupi, muuzaji wa vitenge kule mjini, Birere. Mara kwa mara alifunga duka akapanda kwetu kwa pikipiki, kisha akashuka mjini kututetea katika maofisi. Hakupiga kelele. Aliegemea lango, akatuangalia, akauliza nani kati yetu alikuwa amemuuliza muzee kwa nini amefunga. Akasema anaingia kumuuliza, na anataka mtu wa kambi aingie naye, ili kesho tusiseme amenunuliwa. Watu wakatazama chini. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilijikuta nimesogea mbele, mama yangu akinivuta kitenge.

Ndani tulimkuta muzee ameketi na panga magotini, mke wake nyuma yake akisali rozari. Mama Kavira akaomba ruhusa ya kukaa, akampa pole. Akamngojea mpaka muzee mwenyewe akaanza.

"Miye nilibapokea, mama," alisema. "Batu walilala humu mpaka jikoni. Sasa wananing'olea maharagi yenye haijaiva, nikiuliza wananicheka. Hakuna hata mumoja mwenye alikuja kuniambia pole."

Mama Kavira akamweleza yaliyompata Nyota. Muzee hakuwa na habari. Aliinamisha kichwa, panga likaanguka sakafuni.

Tulipotoka nilidhani Mama Kavira ndiye atakayesema. Akanishika bega.

"Utawaambia weye. Vile amesema. Usipunguze, usiongeze."

Mwanangu, tangu hapo nimesema mbele ya wakubwa wa jeshi kule Katindo, na sijaogopa kama siku ile. Kuwasemea watu wangu kungekuwa rahisi. Kuwapelekea maneno ya mtu waliyetaka kumchoma, tena maneno yenye lawama juu yao, ni kitu kingine. Niliyasema yote, pamoja na lile la kuchekwa. Mmoja akaniita msaliti. Mwingine akauliza nimepewa nini. Nikayarudia huku nalia, bila kubadilisha neno.

Kisha koko mmoja, bibi aliyetembelea fimbo, akasema maharagi yale yalipikwa kwake, kwa kuwa wajukuu walikuwa na njaa. Akapita katikati ya vijana wenye mawe, akaingia langoni peke yake. Waliyoongea humo sikuyasikia. Nilichoona ni mnyororo ukiondolewa, na Muzee Bauma akibeba bidoni ya kwanza kwa mikono yake mpaka kwenye kibanda cha Nyota. Msimu uliofuata wanawake wa kambi walimlimia shamba lile la maharagi.

Nyota alipona, lakini mtoto hakuishi. Hilo sikufichi. Tulinyamaziana, pande zote mbili, na aliyelipa ni yeye, ambaye hakung'oa hata jani.

Basi nasaha yangu ni hii. Watetee waliokimbia kwa nguvu zako zote, wala usione haya kugonga mlango wa mkubwa yeyote. Lakini usimsemee mtu ambaye hujakaa naye, na usimhukumu mwenyeji ambaye hujaingia kwake. Wako watakaokupigia makofi kila ukisimulia ubaya wa upande mwingine. Makofi hayo usiyazoee. Lawama ikiwa ya kweli, wapelekee hata watu wako mwenyewe, hata wakikuita majina. Na uende mapema, hasira ikiwa bado changa.

Sogea nikuwekee mikono kichwani. Mungu akupe sikio kabla ya kukupa sauti. Akulinde na wenye silaha na wenye sifa za bure. Na kila utakapotoka, akurudishe kwenu mzima, moyo wako ungali laini.