Nywele Nilizokwenda Nazo Msibani

Asubuhi ya pili baada ya kumzika baba, uani kwetu Lalago, nilimvunja kaka yangu jino. Yeye alikuwa amekwisha kunipasua mdomo. Tulikuwa tunapigania nywele, tena si zangu.

Nilianza kunyonyoka kabla sijafika thelathini, na nililichukia jambo hilo kwa hasira ambayo wenye nywele zao hawaijui. Nilipaka maji ya kitunguu. Nikapaka dawa ya mganga mmoja wa Mkula, ikanibabua utosi hadi ukatoa usaha. Nikanunua dawa ya duka la dawa, ya kupaka asubuhi na jioni, ikaniotesha vinyweleo vya mtoto mchanga, basi. Daktari akanieleza habari za kupandikiza: wanang'oa nywele kisogoni na kuzichomeka mbele, moja moja. Nikaogopa sindano. Mwisho nikaenda saluni moja Mwanza, wakanibandika nywele za bandia kwa gundi na kuzichonga vizuri. Nikarudi ofisini Bariadi kijana upya, na kila baada ya wiki chache nikawa nakwenda kubandikwa tena. Nyumbani, walikozoea kuniona na kofia, sikumwambia mtu.

Baba alikuwa na upara tangu ujana wake. Siku chache kabla hajafa, nikimlisha uji hospitalini, alinipapasa kichwa akasema, "Afadhali wewe umefuata wajomba zako." Nikaitikia.

Kwetu wafiwa hunyolewa. Watoto wa marehemu wanakaa chini kwa mstari, shangazi anapita na beseni la maji na wembe mpya kwa kila kichwa. Anayekataa anasema msiba haumhusu, au anajua kilichomuua marehemu. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilikaa kwenye mstari na gundi kichwani, nikijidanganya kwamba wataniruka kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisi.

Shangazi aliponifikia niliupiga mkono wake. Beseni likamwagika, wembe ukaangukia mchangani.

"Ng'wanone, mwanangu, una nini?" akauliza.

"Msiniguse kichwa."

Kaka alikuwa amekwisha kunyolewa. Akasimama. "Baba hakukuzaa wewe? Au ulimfanyia nini hata unaogopa wembe?"

Watu wote uani walisikia. Kabla sijajibu ngumi ilitua mdomoni, nikaonja damu. Nikaokota kigoda nikampiga nacho usoni, na jino likatoka. Majirani walijaribu kututenganisha, kaka akawasukuma huko. Akanikalia kifuani, akazishika zile nywele kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote.

Nilipiga yowe. Zilitoka na ngozi yangu. Kaka alizitazama mkononi mwake, akazitupa kama kitu kinachouma, akaniachia, na baadhi ya wanawake wakakimbia. Mtu mmoja akasema ni uchawi. Mimi nikainuka nikakaa, damu ikinishuka machoni, na waliobaki uani wakasogea, kwa sababu upara walioutazama ulikuwa wa baba, umbo lilelile hadi kibonde cha utosini.

Nilitaka kumuua kaka yangu. Nasema wazi, nilikuwa napapasa mchangani natafuta wembe, na niliupata.

Mama ndiye aliyenifikia kwanza. Alipiga magoti, akanifuta damu kwa khanga yake na kuongea taratibu, kana kwamba hakuna watu.

"Baba yako alijua," akasema. "Alipokushika kule hospitali vidole vyake viligusa gundi. Akaniambia tusikuulize, utaona aibu."

Nilimpa shangazi wembe. Kaka alikuja nyuma yangu, akatema damu pembeni, akanishika kichwa kwa mikono ileile ili kisicheze. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Shangazi alinyoa pembeni na kisogoni, palipobaki nywele nilizozaliwa nazo, kisha akaanza kufuta wembe.

"Na utosini," nikasema.

"Utosini hapana kitu, ng'wanone. Ni kidonda tu."

"Pitisha."

Akapitisha, polepole, juu ya ngozi iliyochubuka, na hapo ndipo nilipomlilia baba kwa mara ya kwanza.