Pumba Tulizoanika Juani

Nilikuwa mchunga ng'ombe katikati ya mji, kazi ambayo watu wa Kariakoo waliiona kichekesho. Tajiri yangu alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliyeuza maziwa na kufuga ng'ombe wachache nyuma ya nyumba yake. Asubuhi niliwaswaga hadi bonde la Jangwani, jioni niliwarudisha, na kati ya hapo hakuna aliyeniuliza kama nimekula.

Kiangazi kile bonde lilichoka kama mimi. Ng'ombe alipokojoa na jua likawaka, nyasi za pale ziliungua zikawa njano. Pengine, baada ya manyunyu, zikaota za kijani kibichi, lakini ng'ombe walinusa wakapita zao. Maziwa yakapungua. Mama akaniambia waziwazi kwamba malisho yasipopona mvua za vuli zikinyesha, atawauza kwa mfugaji wa Pugu. Huko walikuwa na wachungaji wao. Mimi ningebaki na fimbo yangu.

Alfajiri mama alikuwa akikinga mkojo wa kwanza kwa chombo cha shaba na kuunyunyiza kizingitini, maana kwao ng'ombe ni mzazi na mkojo wake hutakasa nyumba. Uliobaki ulitiririka mtaroni. Jirani yetu mwenye duka, mtu wa Kilimanjaro, alitazama mtaro ule akatikisa kichwa.

“Ndugu yangu, mnamwaga chakula,” akaniambia. “Kwetu hata tone haliendi bure, linakwenda mgombani. Mkojo mtupu huunguza nyasi; tandika pumba zizini ziunyonye, kisha ukazifukie malishoni zingali mbichi.”

Kazi juu ya kazi. Lakini niliwapenda wale ng'ombe kuliko nilivyopenda kupumzika, basi nikaenda kuomba pumba kwenye mashine ya mpunga.

Gunia la kwanza lilizua balaa. Nilipopita nalo kichwani mtaa mzima ulifunga madirisha, machozi yakanitoka kwa ukali wa ile harufu, na matusi niliyotukanwa siku ile siwezi kuyaandika. Mama aliona aibu mno. Akaagiza pumba zianikwe uani kwanza.

“Jua litazisafisha, baba,” akasema. “Harufu ikiisha, ndiyo uchukue.”

Sikubisha. Zilipokauka zilikuwa nyepesi, na shingo yangu ilishukuru. Kiangazi chote nilibeba, nikafukia, nikarudi nyumbani nikalala kabla mke wangu hajapakua.

Vuli ikanyesha. Kila asubuhi niliinama kukagua, na kila asubuhi nyasi zilikuwa zilezile, nyembamba, za kutia huruma. Nikampelekea jirani gunia moja alitazame. Akatia mkono, akanusa.

“Mbona hazinuki?”

“Tulizianika.”

Hakucheka. “Nguvu yenyewe ndiyo ile iliyokuwa ikikuwasha macho. Imekwenda na upepo. Umebeba pumba tupu, ndugu yangu.”

Nilikaa kizingitini pa duka lake. Nilitaka kumpiga mtu, sikujua nimpige nani. Mama alikuwa ametaka usafi, majirani walitaka kupumua. Hasira ikanipita, ukabaki uchovu, na huo haukunipita kwa muda mrefu sana.

Lori la Pugu lilikuja asubuhi. Mama alipaka kila ng'ombe rangi nyekundu kwenye paji la uso, akilia bila kujificha.

“Nimejaribu, baba.”

“Najua, mama.”

Watu wa lori wakavuta kamba. Ng'ombe wakagoma, wakakaza miguu mbele ya ubao wa kupandia. Mmoja wa wale watu akainua fimbo, mama akapiga kelele wasipigwe, kisha akanigeukia mimi. Nikapanda ule ubao mwenyewe, nikaingia ndani ya lori, nikawaita kama nilivyowaita kila siku. Wakanifuata wote, mmoja nyuma ya mwingine, polepole, wakidhani tunakwenda malishoni.