Gome la Muthiga Ng'ambo ya Handaki

Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alipopambana na Mau Mau, tulihamishwa kwa nguvu hadi kijiji kipya karibu na Nyeri, tukazungukwa na handaki tulilochimba wenyewe. Mwezi ule tulikuwa na adhabu: kufungiwa ndani kutwa, isipokuwa kwa muda wa saa moja asubuhi, wa kuteka maji. Kuwasha moto kulikatazwa pia; moshi ukionekana, askari alikuja na kiboko. Kwa hiyo mimi, mwenye miaka kumi na miwili, niliziba kila ufa wa nyumba kwa matambara na samadi. Mama alinisifu sana.

Mchana mmoja wa mvua tuliwasha jiko la makaa. Kichwa kiliniuma, nikadhani ni njaa, maana siku hizo kila kitu kilikuwa njaa. Mdogo wangu, msichana wa miaka sita, alikuwa amelala kando ya jiko. Mama alipomwita ale viazi, hakuitika.

Nyanya yetu, aliyeishi nasi, alimkokota hadi mlangoni. Alikuwa bado anapumua, kwa shida. Nyanya alisema gome la muthiga, mti mchungu wa dawa, lichemshwe, anyweshwe siku hiyo hiyo, ndipo kichwa kilichokosa hewa kirudi. Alikuwa amewapa watoto waliozaliwa bila kulia, na wakalia. Mti wenyewe ulionekana kutoka mlangoni petu, ng'ambo ya handaki.

Askari wa zamu alikuwa mtu wa magharibi ya nchi. Tulipotoka kuufuata mti, alituzuia bila hasira.

"Saa yenu iliisha, nyanya. Rudi ndani."

"Mtoto alikosa hewa. Mti iko hapo tu, unaiona."

"Naiona. Kesho asubuhi."

Nyanya alirudi akaketi. Mimi nikamenya viazi vilivyobaki.

Asubuhi, saa ya maji, nyanya alibandua gome, akalichemsha, akamnywesha kwa kijiko. Siku ya tatu mdogo wangu alifumbua macho akatutazama mmoja mmoja, asimjue yeyote. Hadi leo, nikimpelekea chai, huniuliza nimetoka wapi.

Nyanya alikufa akisema dawa ilichelewa siku moja tu. Baadaye daktari mmoja aliniambia hakuna gome ambalo lingemsaidia, hata lingekuja saa ile ile. Nilimkasirikia, nikatoka bila kuaga. Bado nashikilia maneno ya nyanya. Nikiyaacha, hakutakuwa na askari wa kulaumu, nitabaki mimi niliyeziba nyufa.