Dirisha Nililolifungua Majengo

Haya ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili timamu na bila homa yoyote. Nalisema mapema kwa sababu nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka ishirini, na naujua uso wa msikilizaji anapoanza kuamua kwamba anatungiwa hadithi. Kama uso wako umeanza kuwa hivyo, nakuomba uvumilie mpaka mwisho, kisha uniambie wewe ungefanya nini.

Nilifika Thika katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, nikitokea Muheza katika Tanganyika. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu si zamani, nimeolewa na Elia, na nimembeba Tumaini, binti yetu wa miezi mitano. Elia alikuwa karani katika shamba la kahawa huko Ruiru, ambako makarani wageni walilala wanne katika chumba kimoja. Mimi nilipata kazi ya kufundisha asubuhi katika shule moja ya Thika. Basi tukapanga chumba Majengo, kwa Bi Zuhura, na mume wangu akawa anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni.

Mgeni huujua mji kwa pua kwanza. Thika ilinuka mkonge, harufu niliyoizoea tangu utotoni, lakini hapa ilichanganyika na ngozi mbichi na moshi wa viwanda, hata kile nilichokizoea kikawa kigeni. Ving'ora ndivyo vilivyotuambia saa. Wafanyakazi walitoka kila upande, Ukambani, Nyanza, hata kwetu Tanganyika, na kila kabila lilikuwa na kanisa lake na namna yake ya kupika mboga. Ajabu ni kwamba wenyeji wenyewe, Wakikuyu, ndio waliotembea kama wageni. Walisimamishwa kila njia panda waonyeshe pasi. Wengine walipakiwa kwenye malori alfajiri, na jioni taa zao haziwashwi. Mimi nilipoitoa barua yangu ya Tanganyika, askari alinipisha. Niliona haya kupishwa.

Siku ya tatu Bi Zuhura aliniita barazani. Alikuwa mama mnene wa Kinubi, mwenye sauti ya kuamrisha hata akikuombea dua.

"Mwanangu, kwenu mtu akipita unamwuliza atoka wapi, aenda wapi, nani kafa, nani kazaa. Sivyo?"

"Ndivyo, Bibi. Ndiyo adabu."

"Basi adabu hiyo ifungie sandukuni. Hapa ukiuliza hivyo, watu watasema huyu ndiye anayepeleka majina kwa askari. Salimia, kisha funga mdomo."

Nikatii. Ni lazima nikiri kwamba nilitii kupita kiasi, maana mtu akiacha kuuliza habari za watu huacha pia kuuliza habari za mambo.

Chumba chetu kilikuwa kikubwa kuliko vyote pale uani, lakini hakikuwa na dirisha. Katika ukuta wa nyuma palikuwa na kiraka cha udongo wa rangi nyingine, chembamba, chenye kimo cha mtu. Nilidhani zamani palikuwa na mlango. Nilidhani tu, sikuuliza. Vilevile Mama Rasoa, mke wa mfanyakazi wa kiwandani kutoka magharibi ya Kenya, ambaye alinilelea mtoto kila asubuhi nyumbani kwake, kiwanja cha pili kutoka chetu, hakupata kuvuka kizingiti chetu. Akimleta Tumaini husimama nje kabisa na kunipa mtoto kwa mikono iliyonyooshwa. Nikimwambia "Karibu ndani, ukae," hujibu, "Wacha tu, mwalimu, miguu yangu ina matope," hata wakati wa kiangazi. Hilo nalo sikuliuliza.

Tumaini alilia tangu tulipofika. Alilia kwa joto, alilia usiku, akakonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana. Nilijiambia kwamba anakosa hewa. Bi Zuhura alikuwa amekwenda Nairobi harusini kwa majuma matatu, nami nikaona nitamshangaza kwa kazi nzuri. Nikamwita fundi wa Kikamba aliyekuwa akipita mitaani na vyombo vyake. Aligonga ukuta wote kwa kifundo cha kidole, akasimama kwenye kiraka.

"Hapa ni laini, mwalimu. Hapa hata sitatoka jasho."

"Basi toboa hapo hapo."

Alitoboa sehemu ya juu, akatia kibao cha kufungia. Nyuma palikuwa na mtaro, na ng'ambo yake ua wa miiba. Upepo ukaingia. Niamini, nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Alasiri ya siku ya pili mvua ilinyesha kidogo, kisha nikasikia mtu akisema "Mulembe" pale dirishani. Nilikwisha jifunza kwa Mama Rasoa kwamba hiyo ni salamu ya kwao. Nje alisimama mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na uso wa upole. Mtoto alikuwa akilia mgongoni mwangu huku napepeta mchele.

"Umechoka, dada," akasema. "Nipe nikushikie."

"Zunguka basi, mlango uko upande wa uani."

"Mlango huo mimi siutumii."

Nikafikiri ana ugomvi na Bi Zuhura. Wapangaji wa zamani mara nyingi huwa na ugomvi na mwenye nyumba. Nikamfungua Tumaini mgongoni, nikampitisha dirishani. Najua, ndugu msomaji. Hata kwetu Muheza mtoto hapitishwi dirishani. Lakini sijui kama umewahi kukaa katika mji mgeni, mume yuko mbali, mtoto analia mwezi mzima, kisha mtu akakuita dada. Alipompokea tu, Tumaini akanyamaza.

Alikuja kila alasiri kwa siku sita. Mimi napika, nafua, nasahihisha madaftari, naye amesimama nje akimbembeleza mtoto kwa wimbo usio na maneno. Niliona kwamba upindo wa gauni lake ulikuwa mkavu, ilhali udongo mwekundu wa Thika ukinyeshewa humpaka kila mtu mpaka magotini. Niliona pia kwamba kila nilipompokea mtoto alikuwa wa baridi zaidi, na kwamba siku ya tano alilikataa ziwa langu na kugeuza macho dirishani. Niliyaona yote. Nikasalimia, nikafunga mdomo.

Siku ya sita, uani palijaa maji ya mvua. Mama Rasoa alikuwa ananirudishia kofia ya mtoto, akaamua kupita nyuma, kwenye ukingo wa mtaro. Nilisikia ukelele wake kabla sijamwona.

"Mwalimu! Mwalimu wee! Mtoto nani amemushika?"

"Si huyu mama hapa," nikamjibu. "Mtu wa kwenu."

"Mama gani? Mimi naona mtoto tu! Mtoto amelala kwa hewa!"

Nikamtazama yule mwanamke, hatua moja kutoka kwangu, na mwanangu kifuani pake. Nilimwona wazi kama ninavyoiona kalamu hii. Hakushtuka. Alisema taratibu, "Mama Rasoa ananijua. Alikuwepo siku waliponitoa hapa."

"Ni Nekesa?" Mama Rasoa alikuwa ameushika ua wa miiba kwa mkono mtupu, damu inamtoka wala hajui. "Mwalimu, ni Nekesa? Alikufia humo! Hakuacha mtoto! Ukoo wetu, mwanamke asiyeacha mtoto hatolewi mlangoni, anavunjiwa ukuta, unazibwa, asijue njia ya kurudi! Nani alifungua hapo?"

Ni mimi niliyefungua. Nikanyoosha mikono dirishani, naye akarudi nyuma hatua moja. Nikanyoosha tena, akarudi nyingine, mpaka ukingoni mwa mtaro. Nilielewa kwamba nikiruka nitamkosa, na nikipiga kelele ataondoka naye.

"Walinipitisha hapa kama majivu ya jikoni," akasema. "Miaka minane nilipika katika chumba hicho."

Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo nimeyapima maisha yangu yote. "Dada Nekesa," nikamwambia, "mwenye nyumba haingii dirishani. Zunguka uani. Mlango nakufungulia mimi mwenyewe. Niletee mtoto mlangoni."

"Mlangoni?"

"Mlangoni."

Akamhamishia mtoto begani. Kisha akageuka, akakunja kona ya nyumba pamoja na mwanangu, na Mama Rasoa akafunika uso kwa kofia ile ya mtoto. Nilikimbia. Chumba kilikuwa na hatua saba, nami hata sasa sijui nilizipita vipi. Nikaondoa komeo, nikafungua mlango wote.

Tumaini alikuwa amelala kizingitini, upande wa nje, mkavu katika mvua, usingizi mzito, mwenye joto. Hapakuwa na mtu. Nilipoinama kumwokota, ubaridi ulinipita begani kama mtu anayejibana ili asikuguse. Na nyuma yangu kitanda kikalia, kama kinavyolia mtu aliyechoka akikaa.

Mtoto alinyonya jioni ile kwa pupa. Mama Rasoa aliketi nje, amefungwa kitambaa mkononi, akanigombeza mpaka sauti ikamkauka. "Mtu akitolewa kwa ukuta, unaziba ukuta, basi. Sasa wewe umemukaribisha kwa mlango. Utaziba nini, mwalimu? Utaziba nini?"

Bi Zuhura aliporudi aliuziba ukuta mwenyewe, kwa mikono yake, akisoma dua. Alipomaliza hakunitazama. "Nilikukataza kuuliza," akasema, "ikawa ni juu yangu kukwambia. Sikukwambia. Nilitaka chumba kipate mtu." Jumamosi Elia alituhamisha Ruiru, kwenye nusu ya nyumba aliyoombewa na karani mkubwa. Usiku wa kwanza huko, Tumaini aliamka na kuicheka kona ya chumba iliyokuwa tupu.

Hakuugua tena. Hilo nalitamka kwa shukrani na kwa hofu, maana surua ilipopita Ruiru na kuingia katika nyumba zote za makarani, yetu haikuguswa. Alipoanza kutembea, alisimama kila mlangoni, akajibana pembeni kidogo kama anayempisha mtu mzima, ndipo akaingia. Nilimchapa kwa ajili hiyo, Mungu anisamehe. Siku ya harusi yake alisimama vivyo hivyo kwenye mlango wa kanisa, wasimamizi wakamgonga kwa nyuma, watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Sikupata kumsimulia kisa hiki, wala Elia hakumsimulia mpaka akafariki. Mwezi uliopita Tumaini aliniandikia kutoka nyumbani kwa mumewe. Anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza. Anasema: "Mama, usijisumbue kuja mapema. Yupo mtu wa kunisaidia, ananipenda, na anasema safari hii ni zamu yake ya kushika."

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayehamia katika mji wa watu wengine. Chumba chochote utakachopewa, watu wameishi humo na wengine wamefia humo, na mji wenye hofu hautakueleza habari zao kwa hiari. Uliza. Waache wakudhanie watakavyo, waitane pembeni na kunong'ona nyuma ya mgongo wako, lakini uliza kabla hujagusa ukuta, na uliza mara mbili kabla hujampa mtu mtoto wako. Mimi nimefunga mizigo. Kesho nitapanda gari la asubuhi, nitafika kwa binti yangu kabla ya jua kuchwa, na pale mlangoni nitamwomba Nekesa anipishe kwanza.